Jora Lililopita Ulimini

4 Februari

Mdogo wangu,

Hamjambo wewe na mkeo? Tumbo lake limefikia wapi? Mama amenituma nikuulize mambo matatu, nami la tatu nimelisahau njiani kati ya kitanda chake na cherehani yangu, kwa hiyo pokea mawili: unakula, na viatu vyako ni vikavu? Goti lake linamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa nne anasimama nyuma yangu kukagua mishono, na huniambii kitu, mama yule anaona uzi uliolegea kuliko mimi mwenye miwani.

Jora ulilonitumia kutoka kiwandani kwenu limefika. Dereva wa lori alilishusha mlangoni, nikalifungua juu ya meza ya kukatia. Jamani! Mimi nimeshika vitambaa miaka ishirini na mbili. Hiki kinalala mkononi kama paka aliyeshiba. Ni baridi ukikigusa, kinafyonza jasho, rangi imezama ndani wala haikuelea juu. Nilipowaambia wateja kwamba kimetokana na mti, mmoja alikinusa, akasema, "Fundi, usinifanye mtoto mdogo."

Nimekata magauni mawili, na kilichobaki nimeshona mbeleko kumi na tatu. Kina mama wamezigombania, maana zile za turubai zinawachubua watoto mapaja. Nimezikunja mara mbili, nikapiga mishono minne kwenye kamba. Zote zimekwisha, hata sikubaki na ya kuonyesha.

Ila umenitumia kitambaa bila kuniambia tabia yake. Kinaruka? Kinachuja? Kinavumilia pasi kali? Nauliza pasi hasa kwa sababu... basi, wewe niambie tu.

Dada yako


27 Februari

Dada yangu,

Barua yako imefika na doa la mafuta ya cherehani pembeni, nikajua umeiandika huku mguu uko kwenye kanyagio. Wifi yako yuko salama. Mtoto anacheza hasa nikianza kuongea, mama mtu anasema ananijibu. Mwambie Mama ninakula. Kuhusu viatu, tangu nihamie chumba cha kuoshea uzi sijui ukavu ni nini.

Wateja wako waambie hivi. Mti unafika kiwandani ukiwa umeshasagwa na kukaushwa, mbao nyeupe kama kadibodi. Tunaziloweka katika soda kali, tunazikamua, tunazichambua mpaka ziwe chengachenga kama mkate uliofikichwa. Zinalala siku mbili tatu. Kisha zinachanganywa na dawa moja inayonuka kabichi iliyooza, zinageuka rangi ya chungwa, zikiyeyushwa ni kama asali. Asali hiyo nayo inalala, inachujwa, inasukumwa kupitia kifuniko chenye matundu ambayo ukiyatazama huyaoni. Upande wa pili kuna beseni la tindikali. Asali ikigusa tindikali inaganda papo hapo, inakuwa uzi. Mara ya kwanza nilipoona nilicheka peke yangu.

Halafu ndiyo zamu yangu. Uzi unatoka umelewa tindikali, nasi tunauosha mara saba. Baada ya maji ya saba nachukua nyuzi kidogo, naziweka ulimini. Zikiwa chachu, zinarudi kuoshwa. Zikiwa hazina ladha, zinakwenda kufumwa. Vikaratasi vya kupimia vipo, lakini viko ghalani, na msimamizi anasema ulimi wangu una haraka kuliko karatasi. Hapa wananiita Ulimi. Hata barua za ofisini nusura ziandikwe hivyo.

Kuhusu mbeleko, usishone nyingine. Magauni ndiyo yanakifaa. Kitambaa hiki na maji havipatani sana. Zile zilizouzwa, kama zipo karibu, zirudishe polepole, waambie lolote litakalokujia. Usiogope.

Mdogo wako


16 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajambo, mimi sijambo, mvua imeanza, salamu zimeisha.

Umeniandikia ukurasa mzima wa mti na mistari michache ya watoto. Halafu unaniambia nisiogope. Mpaka nilipolisoma neno hilo nilikuwa siogopi.

Nilichukua kipande kilichobaki cha jora lako, nikakitumbukiza katika beseni, nikakivuta. Kilikatika. Hakikuvutika kwanza wala hakikutoa sauti ya kuchanika, kilikatika tu kama karatasi ya msalani. Nikamwita Mama naye avute, na unajua vidole vya Mama vilivyo siku hizi. Kikakatika. Nikatoa gauni langu lile la zamani la reyoni nililonunua dukani, ni mti huohuo, nikalilowesha, nikalivuta. Lililegea, lakini halikukatika. Kwa hiyo usiniambie ni tabia ya kitambaa. Ni jora hili.

Watoto wanakojoa, mdogo wangu. Wanatoka jasho. Mama zao wananyeshewa na mvua hii na hawana miavuli. Kumi na tatu!

Nimekwisha kukusanya sita kabla ya kushika kalamu. Nawaambia nataka kuongeza pindo. Wananishukuru, mmoja amenipa mayai, nami nikayapokea, nikarudi nyumbani nikalia jikoni. Ya saba ilikuwa imevaliwa sokoni, nikamfuata mwenyewe nyuma kwa nyuma huku mikono nimeitanguliza chini ya makalio ya mtoto wake, watu wakidhani ni mwizi.

Nataka kujua jora lile lina nini. Usiniandikie habari za asali.

Dada yako


11 Aprili

Dada,

Wifi yako anakusalimu, miguu imemvimba. Barua hii ni ya tatu. Mbili nilizichana.

Kweli kila kitambaa cha namna hii kinalegea kikilowa, kikikauka nguvu zinarudi. Hilo halina kosa. Lakini siku ule uzi ulipooshwa, mimi niliuonja, nikasema uko safi. Ukafumwa. Jora lilipofika ghalani mkaguzi akaligusa kwa kikaratasi cha buluu, kikawa chekundu, yaani tindikali bado imo. Likatupwa upande wa makombo, na makombo wafanyakazi tunaruhusiwa kuchukua.

Nikalichukua mimi. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilikasirika. Karatasi inanibishia mimi? Miaka tisa ulimi huu haujakosea. Nikasema nitampelekea dada yangu, akishona nguo zikidumu, nitamletea mkaguzi yule kipande akitazame. Ndivyo nilivyofikiri, siongezi wala sipunguzi.

Tindikali ikibaki ndani ya uzi haitoki, dada. Maji yakikauka yenyewe inabaki, inakula. Ukipiga pasi inakula kwa haraka zaidi. Kitambaa kinabaki kizuri machoni, laini vilevile.

Nilipoipata barua yako ya mbeleko nilitoka nje, nikachovya kidole katika siki ya wifi yako, nikakilamba. Sikusikia kitu. Nikanywa kijiko kizima. Macho yalitoa machozi, pua ilichoma, ulimi kimya. Sijui umekufa lini. Nadhani nilikuwa nakula kwa mazoea tu.

Utaniuliza kwa nini sikupiga telegramu siku ileile. Telegramu zetu zinaandikwa na karani wa kiwanda, anazisomea ofisi nzima. Niliogopa. Mtoto anakuja na kazi yangu ni ulimi. Usimwambie Mama. Niambie umezipata zote.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Mama anajua. Alisoma uso wangu, hakuhitaji barua. Alikaa, kisha akasema mtoto huyo tangu zamani akikosea huficha mikono nyuma. Basi, salamu zake hizo.

Nimepata kumi na mbili. Nimezichoma uani, zikawaka kama gazeti, majivu laini, unapuliza yanapotea. Wenyewe nimewashonea za turubai, ndani nimeweka pamba.

Moja sijaipata. Aliyeichukua si mtu wa mtaa huu. Alikuja siku ya kwanza kabisa, amevaa ovaroli ya bluu, mikono imejikunja kwa maji. Nilimuuliza kazi yake, akaniambia anaosha ngazi na madirisha ya jengo moja la ghorofa. Jengo gani? Sikumuuliza. Ningemuuliza ya nini? Alimfunga mtoto palepale dukani, msichana wa miezi mitano hivi, mwenye shavu moja kubwa kuliko jingine, akanishukuru, akaenda zake.

Kila asubuhi naacha cherehani, natembea. Naingia katika majengo ambayo sina shughuli nayo. Nawauliza walinzi, "Nani anawaoshea madirisha?" Wananitazama viatu. Mmoja alinipa fomu ya kuomba kazi. Nikipita barabarani natazama juu, nimegongana na watu mpaka nina alama begani. Na kila nikiona ndoo ya maji namfuata aliyeibeba, maana najua yule mwanamke analowa kutwa, na mtoto yuko mgongoni mwake, na kile kitambaa kinaliwa.

Kuna jambo jingine kuhusu mbeleko ile. Sitaliandika leo.

Umemwambia msimamizi wako?

Dada yako


21 Mei

Dada yangu,

Umekuwa shangazi. Mtoto wa kiume, alizaliwa tarehe kumi na nne, ana mdomo wa Mama ukiwa umenuna. Wifi yako ni mzima. Mshike Mama asicheze na goti lile.

Umempata?

Wifi yako amenikamata. Aliniona sili kwa hamu, siku moja akaweka sukari badala ya chumvi kwenye mchuzi, akanitazama. Nikala, nikafuta sahani, nikasema leo umepika kweli. Alicheka sana mwanzoni. Halafu akaacha, akaniuliza, "Na kazini?" Nikamwambia kazini wanatumia karatasi.

Msimamizi sijamwambia. Nilimwomba vikaratasi, nikasingizia nina vidonda mdomoni. Akasema mpaka aandike barua ghalani, na ghala halitoi bila sababu, nami nisimletee uvivu wa watu wenye watoto wachanga. Kwa hiyo nafanya hivi: uzi wote narudisha maji ya saba mara ya pili. Nikiweza. Shifti ikiwa na haraka siwezi. Naweka nyuzi ulimini, watu wananitazama usoni, nahesabu mpaka tano, natikisa kichwa ndiyo.

Nikimnyanyua mtoto naangalia kwanza kitambaa alichofungiwa. Navuta pembe zake. Wifi yako anadhani ni mapenzi.

Umempata, dada? Andika hata neno moja.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Hongera ya mtoto. Mama amelia, akacheka, akalala. Nimemshonea mpwa wangu kofia, ya pamba.

Nimempata, Jumanne iliyopita.

Nilikuwa barabara ya nyuma ya benki, ambayo nimeipita mara nyingi. Nikatazama juu. Ghorofa ya tatu dirisha liko wazi, mwanamke wa ovaroli ya bluu amekaa juu ya kizingiti, miguu iko ndani, mwili uko nje, anafuta kioo kwa upande wa barabarani. Mgongo wake ulikuwa juu ya vichwa vya watu. Na mgongoni alikuwa na mtoto. Niliona nyayo mbili ndogo, na chini ya nyayo hakuna kitu mpaka lami.

Sikupiga kelele. Nilikuwa na kelele imejaa kifuani, lakini nikafikiri akishtuka atageuka, akigeuka kamba itavutika. Nikapanda ngazi. Zilikuwa zimelowa, alikuwa ameziosha, nikaanguka mara mbili, goti langu sasa ni kama la Mama. Nikaingia ofisi ya watu bila kubisha, nikapita kati ya meza zao, nikaenda moja kwa moja nikamkumbatia magoti yote mawili kwa nguvu zangu zote.

"We fundi!" alisema. "Una nini?"

"Ingia ndani," nikamwambia. "Taratibu. Usijinyooshe."

"Niachie miguu, utaniangusha!"

"Nakuomba. Ingia kwanza, unitukane ukiwa ndani."

Nadhani aliona uso wangu. Akainama, akaingia kichwa kwanza, nikampitishia mkono nyuma. Alipokanyaga sakafu kamba ya bega ikaachia, na mtoto akashuka mikononi mwangu pamoja na nusu ya mbeleko. Hakuamka. Wale wa ofisini waliendelea kututazama, mmoja akasema tufunge dirisha, karatasi zinapeperuka.

Mwanamke akaokota kile kipande, akakivuta, kikakatika. Akavuta tena, kikakatika tena. Akaniuliza, "Ulijua?"

Sasa nakuandikia lile nililolikataa. Siku ile ya kwanza, kabla sijauza hata moja, nilikuwa napiga pasi mbeleko ya kwanza, kamba ikaachia pembeni chini ya pasi. Nikajiambia pasi ilikuwa kali. Fundi wa miaka ishirini na mbili, kitambaa kimekatika mbele ya macho yangu, nikajiambia pasi. Nikapashona, juu yake nikaweka ua la kitambaa chekundu ili pasionekane. Yule mama alichagua mbeleko ile kwa ajili ya ua.

Nikamwambia nilijua. Si yote, lakini nilijua.

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alivua koti la ovaroli, akalitandika sakafuni, akamlaza mtoto, akarudi dirishani kumalizia kioo. Nikakaa chini karibu na mtoto. Alipomaliza chumba kile alihamia kingine, nami nikambeba mtoto kumfuata, mpaka madirisha yote ya jengo yakaisha. Jioni akamchukua mikononi, akateremka, hakuniaga.

Usiniulize tena kama nimempata. Mimi nimesema langu, mbele ya mtu aliyestahili kulisikia. Wewe bado unatikisa kichwa ndiyo. Nakuogopa, mdogo wangu. Sijawahi kukuogopa maishani mwangu.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Mpwa wako anaongezeka. Kofia imemtosha. Busu goti la Mama.

Nimesema. Nilimfuata msimamizi mwanzo wa shifti, nikamwambia ulimi wangu umekufa na sijui tangu lini. Alidhani ni utani. Akaita chumba chote, akatoa nyuzi mbili, moja imetoka maji ya kwanza na nyingine maji ya saba, akaziweka viganjani mwake. "Onja," akasema. "Uniambie ipi ni chachu, tuendelee na kazi."

Nikaweka ya kwanza mdomoni, kisha ya pili. Mwenzangu wa beseni la jirani, ambaye tumefanya kazi pamoja miaka sita, alinikonyeza kuelekea mkono wa kulia. Nilimwona. Ningesema kulia, dada, ningerudi kwenye beseni langu na mambo yangeisha. Nilikuwa na mtoto machoni, si wangu, yule wa dirishani.

Nikasema, "Sisikii kitu."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi akafungua daftari la uzi uliopita kipimo, akaniuliza aanzie tarehe gani kufuta sahihi zangu. Alifunua nyuma, wiki, miezi, mwaka jana, kila siku jina langu limesimama pale. Vitambaa vyote hivyo vimekwisha kutoka. Vimeshonwa. Kuna watu wamevivaa sasa hivi ninapokuandikia, na sijui wamefungia nini ndani yake. Siwezi kutembea barabarani kama wewe kuwatafuta.

Nikadhani sasa ataagiza vikaratasi. Alifunga daftari, akaniambia nivue aproni, nikafagie ghala mpaka ofisi iamue. Kisha akamgeukia yule mwenzangu aliyenikonyeza, akampa nyuzi.

Nikiwa mlangoni nilitazama nyuma. Alikuwa ametoa ulimi, na chumba kizima kinamtazama usoni. Nikahesabu moyoni, nilipofika tano akatikisa kichwa ndiyo.

Mdogo wako